Sindano Haijui Bei Yake

Kuna swali moja nimechoka nalo. Unaingia kwa nyumba ya msee fulani, Kilimani au Lavington, mahali mashine ya santuri imewekwa juu ya jiwe la graniti kama madhabahu, na hata kabla hujaonyeshwa kiti unaulizwa: "Wewe unatumia katriji gani?" Linaulizwa kwa sauti ile ile ya "unaendesha gari gani" na "ulisomea shule gani." Jibu linalotakiwa ni jina la Kijapani na bei inayoanzia laki tatu. Jibu lingine lolote linapokewa kwa huruma.

Nataka kubishana na hilo swali, na sibishani kwa sababu sauti nzuri ni dhambi. Napenda sauti nzuri. Nimekaa mbele ya spika za watu hadi saa tisa usiku nikisikiliza gita moja likirudiwa mara kumi. Ubishi wangu ni huu: katriji haichaguliwi kwa bei yake, wala kwa hadhi ya mashine inayoibeba. Inachaguliwa kwa santuri utakazoichezea. Na kwa santuri tulizo nazo hapa Kenya, ile dini ya "panda ngazi kidogo kidogo, ukifika juu utasikia malaika" inatumaliza pesa, halafu inatuharibia kitu ambacho hatuna nakala yake.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaonunua hiki kitu hawajawahi kuelezwa kinafanya nini. Katriji ya santuri (sahau ile ya printa) ni kidude kidogo kuliko kidole gumba, kimefungwa mwishoni mwa mkono wa mashine. Chini yake kuna kijiti chembamba, na kwenye ncha ya kijiti kuna kipande cha almasi. Hiyo almasi ndiyo sindano. Inashuka kwenye mtaro wa santuri, kuta za mtaro zinaitikisa, kijiti kinatikisika nayo, na kule ndani kuna sumaku na koili za waya zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kama kinachotikisika ni sumaku na koili zimetulia, hiyo wanaiita MM. Kama koili ndizo zinazotikisika, hiyo ni MC, na hapo ndipo bei huanza kupanda lifti.

Umeme wenyewe ni mdogo ajabu. Ortofon 2M Red, MM ya bei nafuu kutoka Denmark, inatoa milivolti 5.5. Denon DL-103, MC ya Kijapani, inatoa 0.3. Kwa hivyo ukinunua MC, unahitaji pia transfoma ndogo au kipaza cha awali chenye nguvu ya kuinua sauti hiyo bila kuinua kelele. Hiyo ni gharama ya pili, na kwa kawaida muuzaji huikumbuka ukishalipa ya kwanza.

Sasa shika jambo moja. Katika mlolongo wote, kuanzia santuri hadi sikio lako, sindano peke yake ndiyo inayougusa wimbo. Amplifaya ikikosea, wimbo unatoka vibaya leo, kesho unaita fundi. Spika ikipasuka, unanunua nyingine. Sindano ikikosea inakwangua ukuta wa mtaro, na sauti iliyokuwa imechongwa pale inageuka vumbi unalolipuliza kwa mdomo. Hakuna fundi wa hiyo. Kwa hivyo anayekuambia kuchagua katriji ni suala la ladha tu, kama kuchagua viatu, hajafikiria vizuri.

Hiyo ngazi ya bei nayo ni ndefu. Chini kabisa kuna katriji za dola mia moja hivi au pungufu. Katikati kuna za mamia na maelfu. Juu kabisa kuna vitu kama Clearaudio Goldfinger ya Ujerumani, inayopita dola 10,000 bila kutoa jasho, na Koetsu za Japani ambazo baadhi zimevalishwa mwili wa jiwe la thamani. Sitasema hazina kitu. Unalipia almasi iliyochongwa kwa umbo tata zaidi, kijiti cha boroni au hata cha almasi yenyewe, koili zilizozungushwa kwa mkono na mtu mwenye subira kukushinda. Kwenye santuri safi ya stirio, iliyochapwa vizuri, juu ya mashine iliyopangwa na mtu anayejua, utasikia tofauti. Nimeisikia. Sitakudanganya ili nishinde ubishi.

Lakini hesabu nayo haidanganyi. Tuseme sindano ya katriji ya dola 10,000 inadumu saa 1,000, na huo ni ukarimu. Hiyo ni dola 10 kwa saa. Kwa shilingi 130 hivi kwa dola, unalipa shilingi 1,300 kila saa ambayo almasi iko kwenye mtaro. Santuri moja ya dakika 40 ni kama shilingi 870, na bado hujalipa stima. Ndiyo, unaweza kuituma kwa fundi ng'ambo akakubadilishia almasi kwa bei ya chini kuliko kununua mpya. Ng'ambo, nimesema. Sindano ya MC kwa kawaida huwezi kuichomoa mwenyewe. Ikivunjika Jumapili jioni kwa sababu mtoto wa dada yako amecheza na mkono wa mashine, unaanza safari ya vifurushi, ushuru na miezi ya ukimya. Kwa MM nyingi unachomoa sindano kwa vidole, unapachika nyingine, chai haijapoa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu ushauri wote tunaousoma umeandikiwa kabati la mtu mwingine. Umeandikiwa mtu wa London au Chicago mwenye albamu mia nane za stirio, nyingi zikiwa matoleo mapya, zikilala kwenye mifuko ya plastiki. Wewe una nini? Ukitoka Kenyatta Market, au Melodica pale Tom Mboya Street, au chini ya kitanda cha babu yako, umebeba nini kwapani?

Umebeba santuri ndogo za inchi 7, za kasi ya 45. Huo ndio mwili wa muziki wetu. Daudi Kabaka na Fadhili William pale Equator Sound katika miaka ya 1960, D. O. Misiani na Shirati Jazz, Joseph Kamaru: watu hawa waliingia majumbani kwa santuri ndogo, wimbo mmoja ukikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Santuri hizo zilichezwa kwenye baa, kwenye harusi, kwenye mashine za betri huko mashambani, kwa sindano ambazo hakuna aliyewahi kuzibadilisha tangu mashine inunuliwe. Zimekwaruzwa, zimemwagiwa bia, zimepangwa bila mfuko. Bado zinaimba. Na kwa nyingi kati yake usitegemee kwamba kanda mama iko salama mahali fulani. Hiyo santuri unayoishika ndiyo kanda mama.

Kwa mtaro kama huo, swali la "katriji gani ni bora" halina maana hadi ujibu maswali mengine matatu.

La kwanza: ni mono au stirio? Santuri za stirio zilianza kuuzwa mwaka 1958, na hapa kwetu mono iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Kwenye mono, muziki wote umechongwa kushoto na kulia tu. Hakuna muziki wowote unaokwenda juu na chini. Kinachokwenda juu na chini ni vumbi, mikwaruzo na kupindapinda kwa plastiki. Sasa katriji ya stirio, hata ile ya dola 10,000, imetengenezwa kusoma pande zote, pamoja na juu na chini. Kwa hivyo inakuletea uchafu wote kwa uaminifu mkubwa, kwa ubora wa hali ya juu, katika spika mbili. Katriji ya mono, kama Denon DL-102 au Ortofon 2M Mono, inaacha uchafu huo nje. Na kama huna pesa ya katriji ya pili, tafuta amplifaya yenye kitufe cha mono. Ukikibonyeza, chaneli mbili zinajumlishwa na kelele ya juu-na-chini inajifuta yenyewe, sehemu kubwa. Kitufe. Nimekaa na watu wenye mfumo wa milioni mbili ambao hawana hicho kitufe, wakinicheza Kabaka huku wakilalamika kwamba "santuri za Kenya zilichapwa vibaya." Buda, ni wewe unayezisoma vibaya.

La pili: mtaro una upana gani? Sindano ya kawaida ya duara ya stirio ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi. Mitaro ya mono ya zamani ilichongewa sindano ya mikroni 25. Na santuri za kasi ya 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo, zinataka mikroni 75 hivi, mara nne ya ile ya stirio. Siti binti Saad alipovuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab kwa Kiswahili, alirekodi kwenye santuri za aina hiyo. Ukiteremsha sindano nyembamba ya kisasa kwenye mtaro wa 78, inazama hadi chini, inaburuta tope la miaka 90, na kuta zenye sauti ya Siti haizigusi ipasavyo. Utatoka ukisema alikuwa na sauti ya kukwaruza. Hapana. Hukumsikia. Sindano ya 78 ya kupachika kwenye katriji ya kawaida ya Audio-Technica, ile ya mfululizo wa VM95, itakupa Siti kuliko Koetsu yoyote iliyovaa jiwe. (Na mpangilio wa besi na sauti za juu kwenye 78 si ule wa santuri za baadaye, kwa hivyo amplifaya yako pia itakudanganya kidogo. Lakini hilo unaweza kulirekebisha baadaye. Sindano isiyo sawa huwezi kuirekebisha baadaye.)

La tatu: mtaro umechakaa wapi? Hapa ndipo mambo huwa matamu, na ndipo wahubiri wa bei hukwama. Maumbo ya almasi ni mengi. Kuna la duara, ambalo ndilo rahisi. Kuna la yai, jembamba pembeni. Kuna la Shibata, na mengine membamba zaidi kama mikrolaini. Watu hulitaja Shibata kama aya ya kitabu kitakatifu. Historia yake ni ya kiwandani tu: mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya JVC ya Japani ilitaka kuuza santuri za chaneli nne, zenye ishara za masafa ya juu sana ambazo sindano za wakati huo hazikuweza kuzifikia, na mhandisi Norio Shibata akachonga almasi inayoweza. Chaneli nne zilikufa, umbo likabaki, bei ikapanda.

Umbo jembamba lina faida ya kweli, na inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri, ndivyo mtaro unavyopita polepole chini yake. Kwenye santuri kubwa ya kasi ya 33, mwanzoni mtaro unapita kwa nusu mita kila sekunde, na mwishoni kwa robo mita au pungufu. Sauti ile ile imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano ya duara hushindwa kupenya kwenye kona hizo ndogo, na unasikia sauti ikianza kusaga meno. Santuri ndogo ya 45 nayo ina tatizo hilo hilo mwishoni. Sasa fikiria benga. Wimbo unaanza na maneno, unatulia, halafu kuelekea mwisho waimbaji wananyamaza, magita yanaachiwa, besi inakimbia, ngoma zinawafukuza. Ile sehemu ambayo watu huinuka kutoka kwa viti iko pale pale mtaro ulipobanwa zaidi. Kwa hivyo ukiwa na nakala safi ya Misiani, nunua mikrolaini, na usimwombe mtu yeyote msamaha.

Lakini ukiwa na nakala iliyochezwa baa kwa miaka 20, hesabu ni nyingine. Sindano zilizotangulia zimekula ukuta wa mtaro katika usawa fulani. Sindano ya umbo tofauti inaweza kugusa sehemu ambayo haijaliwa, na wimbo ukafufuka mbele yako. Au inaweza kusoma kila jeraha kwa undani, na ukatamani ile ya duara isiyojali mambo madogo. Huwezi kujua hadi ujaribu. Na kujaribu kunahitaji sindano mbili tatu za bei ya kawaida, si moja ya bei ya shamba. Huo mfululizo wa VM95 una mwili mmoja na sindano sita za kubadilishana: ya duara, za yai za aina mbili, mikrolaini, Shibata na ya 78. Mimi huwa nawasafishia watu santuri za familia na kuzihamisha kwa kompyuta, kazi ya vibarua kati ya makala na makala, na naweza kukuambia kwamba jioni moja na sindano tatu inafundisha kuliko mwaka wa kusoma wakaguzi wanaosifu "weusi wa ukimya."

Nikisema haya, jibu huwa tayari. La kwanza ni kwamba naongea hivi kwa sababu sina doo. Ni kweli sina. Nililiacha darasa la chuo mwaka wa pili, nalipwa kwa makala, na mhariri wa gazeti fulani bado ana deni langu la Agosti. Lakini umaskini wangu haubadilishi upana wa mtaro. Mikroni 75 ni mikroni 75 hata kwa mwenye nyumba Runda.

La pili ni la busara kidogo: mashine ya bei kali inastahili katriji ya bei kali, la sivyo umeweka tairi za boda kwenye Mercedes. Nalisikia, na nalijibu hivi. Katika miaka ya 1970, Linn wa Glasgow walijenga jina lao wakihubiri kwamba mashine yenyewe inatangulia, kisha mkono, katriji mwisho. Mashine isipozunguka sawa na mkono usipotulia, almasi ya bei gani itasoma nini? Watu waliwacheka, halafu wakawaiga. Kwa hivyo kama umeshanunua mashine nzuri, hongera, umefanya sehemu kubwa. Mashine hiyo itaibeba katriji ya dola 150 vizuri kuliko mashine mbovu itakavyoibeba ya dola 5,000. Katriji haihitaji kufanana na mashine kwa bei. Inahitaji kuelewana nayo kwa uzito.

Na kuelewana huko kuna hesabu yake, ya kidato cha nne, ambayo sijawahi kuona muuzaji hapa mjini akimfanyia mteja. Jumlisha uzito tendaji wa mkono na uzito wa katriji pamoja na skrubu zake, kwa gramu. Zidisha kwa ulegevu wa kijiti, namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya katriji. Tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Unapata masafa ambayo mkono na kijiti vitayumba pamoja. Unataka kati ya 8 na 12 Hz. Mkono wa gramu 12, katriji na skrubu gramu 8, ulegevu 15: unapata 9.2. Fiti kabisa. Weka katriji laini sana yenye ulegevu 35 kwenye mkono huo huo: unapata 6, na sasa kila mpindo wa santuri na kila mtu anayepita sebuleni anaitikisa. Weka ngumu sana yenye ulegevu 5: unapata karibu 16, unakaribia besi yenyewe. Bei ya katriji haimo popote kwenye hiyo hesabu. Angalia tu kama ulegevu ulipimwa kwa 10 Hz, kwa sababu Wajapani wengi huupima kwa 100 na namba hutoka ndogo kuliko ukweli.

Denon DL-103 ni mfano wangu ninaoupenda, kwa sababu unawachanganya wote wawili, mhubiri wa bei na mpinzani wake. Iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na NHK, shirika la utangazaji la Japani, kwa ajili ya kazi ya redio: isikike sawa kila siku, ivumilie mikono ya watangazaji, isilete maajabu. Sindano yake ni ya duara. Inakaa kwenye mtaro kwa gramu 2.5. Hadi leo inauzwa, kwa sehemu ndogo ya bei ya zile za jiwe, na watu wenye mashine za bei ya gari huifunga bila aibu. Lakini kijiti chake ni kigumu. Kifunge kwenye mkono mwepesi, utaiona ya ovyo, kisha utaenda kumwambia kila mtu kwamba Denon ni sifa tupu. Katika mkono mzito unaoifaa, inaimba. Katriji ile ile, almasi ile ile.

Jibu la tatu linatoka upande mwingine, kwa vijana wenzangu. Wanasema: basi yote ni upuuzi wa matajiri, mimi nina mashine yangu ya sanduku niliyonunua mtandaoni, inaimba, inatosha. Hapana, ndugu. Hapo hatuko pamoja. Nyingi za hizo mashine za sanduku zina katriji ya kauri inayokandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, na mkono wa plastiki usioweza kurekebishwa. Chezea humo matoleo mapya yanayouzwa kila mahali ukitaka. Usichezee humo santuri ya shosho ya Kamaru. Hiyo shosho hana nyingine, na Kamaru hatarudi studio.

Na baa zetu za santuri, zile zimeota mjini siku hizi zenye taa za rangi ya chungwa na kokteli za shilingi elfu moja, nazo nina neno nazo. Audio-Technica wenyewe wanasema sindano yao ya VM95 ya duara idumu saa 500, na ya yai saa 300. Nyumbani, kwa santuri moja kila jioni, saa 300 ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Baa inayocheza saa sita kila Ijumaa na kila Jumamosi inamaliza saa hizo katika wiki 25. Nusu mwaka. Waulizeni wenye baa walibadilisha sindano lini. Nimeuliza. Mmoja aliniambia "bado inasoma." Ndiyo, inasoma, jinsi patasi inavyosoma mbao. Almasi iliyochakaa hupata kingo kali, na inachonga upya kila santuri inayoipitia. Mtu analeta santuri ya babake ichezwe kwa heshima, anarudi nayo ikiwa imepungua.

Huo ndio uzito wa jambo hili, na ndiyo maana sitaki liachwe kwa wauza hadhi. Muziki wetu wa miaka hiyo unatoka nchini kwa mabegi. Wakusanyaji wa ng'ambo walianza kuutafuta kabla yetu. Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wake wa Kenya Special mwaka 2013, na tukaushangilia, na ulistahili. Lakini jiulize kwa nini mara nyingi sisi ndio tunaosikiliza nyimbo hizi vibaya zaidi: kwa faili za sauti za kopo, zilizorekodiwa kwa sindano chakavu, zikapandishwa mtandaoni usiku. Vifaa vya kuzisoma sawasawa viko Nairobi. Viko sebuleni, juu ya graniti, vikicheza kwa mara ya mia albamu ile ile ya majaribio ya jazi ya Kimarekani, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha katriji vizuri.

Wewe mwenye mashine hiyo, sikuombi uiuze. Nakuomba uitumie. Ukiwa na mashine ya milioni na huna njia ya kusoma mono wala 78, una fanicha inayozunguka. Kwa pesa ya kupanda ngazi moja tu ya hiyo MC yako, ungepata katriji ya mono, sindano ya 78, mikrolaini moja, kifaa cha kuosha santuri, na mizani ya kidijitali ya kupima gramu. Ungeweza kumwita jirani mwenye kasha la 45 na kumhamishia zote, sawasawa, mara moja, kabla hazijachezwa tena na patasi ya mtu.

Na wewe unayeanza, mwenye elfu ishirini mfukoni na muuzaji anayekuita "boss": usianze na bei, na usianze na jina. Rudi nyumbani kwanza. Hesabu santuri zako: ngapi za 45, ngapi za mono, ngapi za 78, ngapi zimechoka na ngapi bado ni safi. Andika uzito wa mkono wa mashine yako na uangalie kama amplifaya yako inaweza MC au ni MM tu. Halafu urudi dukani na hiyo karatasi, umuulize muuzaji sindano ya akiba inauzwa ngapi na kama anayo hapo kwenye rafu. Akikwambia inaagizwa, nenda duka la pili.